NANI HULIPIA KITI CHA PADRE?



Tangazo mnalifahamu. Husomwa baada ya Komunyo, waamini wakiwa wameketi na watoto wameanza kuchoka, kabla ya baraka ya mwisho. Kutakuwa na hija ya Namugongo, nchini Uganda, kwa siku tisa. Basi litaondokea stendi ya Newala. Gharama ni kadha wa kadha, ndani yake mna nauli, malazi na chakula. Malipo ya awali yapelekwe kwa katibu kabla ya Pasaka. Nafasi ni chache. Baba Paroko atakuwa pamoja nasi.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayouza. Yaondoeni, muone kama nusu ya viti itajaa. Mama wa Chilangala ambaye hajapata kuvuka mto Rufiji hamjui wakala wa safari aliyeko Dar es Salaam, wala hajui basi ni la nani, wala hakuuliza. Anamjua padre. Ametoa fedha yake kwa sababu padre yumo.

Tangazo hilo nimelisoma kwa kinywa changu mwenyewe miaka mitatu mfululizo. Kwa hiyo msidhani kwamba nawarushia wengine mawe nikiwa nimesimama mahali salama. Ninachotaka kusema ni kifupi. Safari hizi za kikundi, zinazoandaliwa katika miji midogo kama yetu na kuongozwa na mtu anayeaminiwa, zimekwisha kuwa biashara. Biashara si dhambi. Lakini biashara iliyovishwa kanzu ya ibada ili isiulizwe hesabu ni dhuluma, na anayeitendewa dhuluma hiyo ni yule yule tunayemwita kila Jumapili mpendwa katika Kristo.

Wala si Kanisa peke yake. Walimu huandaa safari za Mikumi, vikundi vya kuweka na kukopa huenda Zanzibar, wastaafu huenda kutembelea Bagamoyo. Kila msafara una mwenyeji wake: mwalimu mkuu, diwani, mwenyekiti wa kikundi, shehe. Mwenyeji huyo hasafirishi mtu yeyote, maana hana basi wala dereva. Alicho nacho ni jina jema, na jina hilo ndilo analolikopesha kwa mwenye basi. Mimi nitasema juu ya padre, kwa kuwa ndiye ninayemjua vizuri zaidi.

Msafara wa Nazareti

Safari ya kikundi kutoka mji mdogo si jambo geni katika imani yetu. Nazareti ulikuwa mji mdogo wa shamba, usio na sifa yoyote, na Mwinjili Luka anatueleza kwamba wazazi wa Yesu walikuwa wakipanda kwenda Yerusalemu kila mwaka kwa sikukuu ya Pasaka. Walikwenda kwa msafara, ndugu na jirani pamoja, maana njia za siku zile hazikumfaa mtu aliye peke yake. Na hata hivyo, siku ile mtoto wa miaka 12 alipobaki nyuma, msafara mzima ulitembea mwendo wa kutwa bila mtu kuhesabu vichwa, kila mmoja akidhani mwenzake anaye. Sisi wahubiri hulitumia somo hili kuwafundisha watoto utii. Tangu nilipokwama njiani na watu wangu, mimi nalisoma kama onyo kwa viongozi wa misafara.

Tena, mwisho wa njia ile walikuwapo wafanyabiashara wa hekaluni. Tumezoea kuwaona kuwa watu waovu basi, lakini tutazame kazi yao. Ilikuwa ni huduma kwa wasafiri wa mashambani. Mtu wa Galilaya hawezi kubeba njiwa siku kadhaa njiani na kumfikisha akiwa mzima, na fedha aliyo nayo mfukoni haipokelewi hekaluni. Basi atauziwa njiwa palepale, atabadilishiwa fedha palepale, kwa bei ya mwenye meza. Anayeuziwa hana pengine pa kwenda, naye yuko mbali na kwao, tena ana haraka ya kusali. Njiwa ilikuwa sadaka ya maskini. Mwinjili Marko anataja kwamba pamoja na meza za wabadili fedha, Bwana alivipindua na viti vya wauza njiwa. Naomba tukumbuke kwamba vilikuwa ni viti.

Katika nyakati za karibu nasi, safari za kikundi za kulipia zilianza vilevile kwa watu wa dini. Tarehe 5 Julai 1841 Mwingereza mmoja, Thomas Cook, aliyekuwa fundi wa mbao na mhubiri wa Kibaptisti, aliwachukua kwa treni watu wapatao 500 kutoka Leicester hadi Loughborough, kwa shilingi moja kila mtu, kwenda kwenye mkutano wa kupinga ulevi. Nia ilikuwa njema kabisa. Kufikia mwaka 1869 alikuwa akiwapeleka watu Misri na Nchi Takatifu, na jina lake likawa kampuni kubwa. Kampuni hiyo ilianguka tarehe 23 Septemba 2019, na siku hiyo Waingereza takriban 150,000 walikuwa ng'ambo kwa safari ilizoziandaa. Lakini hawakuachwa huko. Mamlaka za nchi yao ziliwarudisha makwao, na sehemu ya gharama ilitoka katika mfuko wa akiba unaochangiwa kidogo kidogo kwa kila safari ya namna hiyo inayouzwa. Yaani walikwisha kujua tangu zamani kwamba mwandaaji wa safari, hata awe na jina kubwa namna gani, huweza kuanguka, wakaweka akiba kwa ajili ya siku hiyo.

Msafiri wa Newala ana mfuko gani? Ana padre.

Usiku wa Kagera

Nitawaambia padre alimsaidia nini.

Ilikuwa safari yetu ya tatu. Kwenda tulikwenda salama, tukisali rozari na kuimba tangu Mtama hadi Kibiti, na sala zetu kule Namugongo zilikuwa njema. Kurudi, tulikwisha kuvuka mpaka wa Mutukula na kuingia mkoani Kagera, dereva akaegesha basi na kutuambia kwamba mwenye basi alilipwa fedha ya kwenda tu. Simu ya wakala haikupatikana. Mimi, kiongozi wa msafara, nilikuwa na karatasi moja tu, stakabadhi iliyoandikwa kwa kalamu, isiyo na muhuri wala anwani. Nilipoitoa mfukoni nikaisoma kwa makini kwa mara ya kwanza.

Tulikaa pale siku mbili. Watu walichangishwa tena, safari hii kwa ajili ya mafuta. Wengine walitoa fedha walizokuwa wamebakiza kununulia watoto zawadi, wengine waliuza vitenge walivyonunua Kampala. Usiku wa kwanza paroko wa mahali pale, mtu mwema sana, alinipa chumba chenye chandarua. Nililala kitandani. Akina mama wa parokia yangu walilala garini, miguu imevimba, na bibi mmoja aliyepita miaka 70 alijinyoosha chini, kwenye njia iliyo katikati ya viti, akiwa amejifunika kanga zake mbili. Asubuhi nilipofika, yeye ndiye aliyetangulia kunisalimu: "Umeamka salama, Baba?" Sikuwa na la kumjibu.

Kuna jambo jingine dogo ambalo nalitaja kwa aibu. Mpakani hudaiwa kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Niligundua baadaye kwamba baadhi ya kadi za wasafiri wetu zililetwa zikiwa tayari zimeandikwa, na wenye mikono hawakudungwa sindano yoyote. Tulikwenda kuwaheshimu mashahidi waliokufa kwa kukataa kuukana ukweli, nasi tulikuwa na uongo uliopigwa muhuri mifukoni mwetu.

Salfa na kiti

Mwezi Agosti mwaka huohuo mjane mmoja, ambaye sitamtaja jina wala jumuiya, alibisha hodi nyumbani kwa mapadre.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Karibu, mama. Habari za nyumbani?"

"Njema, Baba. Nimekuja kuomba ukaniombee kwa bwana yule wa korosho."

"Bwana yupi?"

Akainamisha kichwa. Habari yote ikatoka polepole. Mwezi wa Machi, tangazo liliposomwa, hakuwa na fedha, maana fedha ya korosho kwetu huingia kati ya Novemba na Januari, na kufikia Machi imekwisha kuwa ada za shule na mabati. Akaenda kwa mnunuzi wa kangomba. Alipewa fedha taslimu siku hiyohiyo, kwa ahadi ya korosho za msimu ujao, kwa nusu ya bei. Fedha hiyo ndiyo ilikuwa malipo yake ya awali. Kilichobaki alikitoa katika akiba aliyoiweka kwa ajili ya shamba.

"Mikorosho yangu imeshikwa na ubwiriunga, Baba. Fedha ya kupulizia ndiyo niliyopandia basi."

Ninyi wakulima hamhitaji kuelezwa, lakini kijitabu hiki husomwa na watu wa mjini pia. Ubwiriunga ni ukungu mweupe unaokausha maua ya mkorosho, na kinga yake ni salfa, inayopuliziwa kuanzia pale maua yanapoanza kuchipua, yaani Juni na Julai. Hata miaka ambayo salfa hutolewa kwa ruzuku, kijana wa kupulizia hulipwa, na mafuta ya mashine hununuliwa. Sikukuu ya Mashahidi wa Uganda ni tarehe 3 Juni. Basi letu huondoka Newala katika wiki zilezile ambamo fedha ya mwisho ya mkulima yapasa kuingia shambani. Miaka mitatu nilisoma tangazo lile na halikunijia kamwe wazo la kuitazama kalenda ya mkorosho, mimi niliyezaliwa chini ya mkorosho.

Na kangomba ni nini? Ni ununuzi wa kificho unaofanyika nje ya chama cha msingi na nje ya mnada, ambao serikali imeupiga marufuku, na ambao Tume hii imeukemea mara nyingi. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza katika mikoa yetu mwaka 2007, pamoja na mambo mengine, ili kumwokoa mkulima na mikono ya watu hao. Tumekuwa tukihubiri dhidi ya kangomba mimbarani, na baada ya Komunyo tukisoma tangazo linalomsukuma mjane mikononi mwake.

Sasa njooni kwenye hesabu. Nachukua mfano, ili mtu yeyote aweze kuufuata kwa vidole. Tuseme basi lina viti 49, na kila msafiri hulipa shilingi 350,000. Wanaolipa ni 45. Viti vinne ni vya bure: cha padre, cha katibu wa safari, cha mwakilishi wa wakala, na cha mgeni fulani ambaye daima yupo na hakuna ajuaye alivyopatikana. Fedha iliyokusanywa ni shilingi 15,750,000. Kama wote 49 wangelipa sawa, kila mmoja angetoa kama shilingi 321,400. Kwa hiyo kila anayelipa anatoa shilingi 28,000 na zaidi kwa ajili ya wasiolipa. Korosho ghafi zikiwa shilingi 2,000 kwa kilo, hizo ni kilo 14. Kwa aliyeuzia kangomba kwa nusu ya bei, ni kilo 28. Ni kilo 28 za kuinama chini ya mti, kuokota moja moja, kung'oa kwenye bibo, kuanika, kuanua mvua ikitishia, na kubeba kichwani.

Nilikuwa nikidhani kwamba kiti changu ni zawadi ya kampuni. Wakala mwenyewe aliniambia hivyo akicheka: "Ukileta watu, Baba, wewe unasafiri bure." Hakuna kiti cha bure katika basi. Kipo kiti kilicholipiwa na mwingine asiyejua.

Nilipokuwa seminari kuu tulifundishwa Sheria za Kanisa, na mkusanyo wa mwaka 1983 hauna kigugumizi katika jambo hili. Kanuni ya 286 inawakataza makleri kufanya biashara, wenyewe au kwa kupitia watu wengine, kwa faida yao au ya wengine, isipokuwa kwa ruhusa ya mamlaka halali ya Kanisa. Kanuni ya 1267 inaagiza kwamba kilichotolewa na waamini kwa kusudi maalumu kitumike kwa kusudi hilo tu. Nayo Kanuni ya 1287 inadai waamini wapewe hesabu ya vile walivyovitoa kwa Kanisa. Atakayesema kwamba fedha ya hija si sadaka, bali ni malipo ya huduma, basi na anijibu kwa nini imepokelewa sakristiani, ikaandikwa katika daftari la parokia na kutangazwa altareni. Ikiwa ni sadaka, isomewe hesabu. Ikiwa ni biashara, mimi kleri natafuta nini ndani yake? Sinodi ya Maaskofu ya mwaka 1971 ilifundisha kwamba anayethubutu kuwahubiria watu haki yampasa yeye kwanza aonekane kuwa mwenye haki machoni pao. Tume ya Haki na Amani haiwezi kudai hesabu za chama cha msingi huku hesabu za basi la parokia zikiwa katika kichwa cha mtu mmoja.

Wanaonipinga

Najua yatakayosemwa, maana yamekwisha kusemwa mbele yangu. La kwanza: Padre, wataka watu wetu wafe bila kuiona dunia? Wazungu huja kututazama sisi. Sisi tusiende kutazama chochote?

Hoja hii naiheshimu kuliko zote. Mwaka 1970 vijana wa TANU wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha mjadala mkali magazetini juu ya utalii, na Issa Shivji aliukusanya katika kitabu kilichotoka mwaka 1973. Walibishana kama taifa linalojenga ujamaa lifungue milango kwa watalii, na wageni hao watatufanya nini. Katika ubishi wote ule ni nadra kumkuta mkulima wa Newala akihesabiwa kuwa yeye naye aweza kuwa msafiri. Alikuwa mwenye kutazamwa tu. Basi mimi nimemwona mkulima huyo akisafiri, nami sitasahau. Nimewaona akina mama wakisimama wote garini tulipofika Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, wakinyamaza kabisa kwa kuutazama mto Rufiji ambao baba zao waliungojea kwa siku nyingi wakisubiri kivuko. Nimemwona mzee mmoja akichota maji ya Ziwa Viktoria kwa kiganja, akiyaonja, na kusema kwa mshangao kwamba hayana chumvi. Kisha akakaa kimya, na mwishowe akaniuliza imekuwaje Mungu akaweka maji mengi hivyo mahali pamoja, na sisi huku juu tukanunua ndoo. Swali hilo mimi sijalijibu mpaka leo. Mtu aliyeliuliza ameongezeka. Hawezi kurudi alivyokuwa.

Kwa hiyo sisemi watu wasisafiri. Nasema wasisafirishwe gizani.

La pili: Ni hiari, hakuna aliyelazimishwa. Ndugu zangu, semeni hivyo kwa mtu asiyezijua jumuiya zetu. Majina ya waliolipa husomwa. Sare ya kitenge hushonwa, na wanaorudi huivaa Jumapili mbili au tatu mfululizo. Katika uchaguzi wa viongozi wa akina mama husikika mnong'ono kwamba fulani hajawahi hata kwenda hija. Hiari ya namna hiyo ina kamba, ingawa kamba yenyewe ni ya kitenge.

Hapa yafaa tuwatazame jirani zetu Waislamu, ambao katika wilaya hii ni wengi kuliko sisi. Kwao hija ya Makka ni nguzo ya dini. Hata hivyo sheria yao inamlazimu mwenye uwezo tu, na wanavyuoni wao hufundisha kwamba mtu alipe madeni yake na aiachie familia matumizi kabla ya kuondoka. Sisi hatuna amri yoyote ya kwenda Namugongo, Roma wala Yerusalemu. Hakuna Mkatoliki anayetenda dhambi kwa kutokwenda. Inakuwaje basi wenye faradhi wamwambie maskini abaki nyumbani kwa amani, na sisi tusio na faradhi tumwache akope?

La tatu husemwa kwa sauti ya chini, na wenzangu mapadre: unaharibu. Ni kweli. Naharibu.

Yanayodaiwa

Halmashauri walei zinao uwezo, nao si wa kuomba. Kabla tangazo halijasomwa, kamati ya fedha ya parokia ione leseni ya wakala, kwa maana Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inamtaka afanyaye biashara ya kuandaa safari awe na leseni; ione na leseni ya basi lenyewe kutoka LATRA, na mkataba wenye sahihi ya mwenye basi unaotaja kwenda na kurudi. Fedha isilipwe yote kwa mara moja. Sehemu ya mwisho ilipwe magurudumu yakiwa yamerudi Newala. Padre alipe nauli yake kama wengine, na alale wanapolala wengine. Ikiwa parokia yaona vema kumlipia, jambo hilo lisemwe wazi, lipigiwe kura, na liandikwe. Majina ya waliolipa yasisomwe kanisani. Mwenye deni la kangomba arudishiwe fedha yake na aambiwe abaki, naye asionekane mnyonge kwa hilo. Vichwa vihesabiwe kila gari linaposimama.

Na malipo yapokelewe Novemba hadi Januari, fedha ya mnada inapoingia. Si Machi, na kwa vyovyote si Mei.

Lipo pia jambo la njia za karibu, ambalo naliona kubwa kuliko yote niliyoyasema, ingawa litapata maneno machache. Wale wanaojaza Namugongo kila mwaka, wengi hawakuja kwa basi la wakala. Hutembea kwa miguu kutoka majimbo ya mbali ya Uganda, hata kutoka Kenya, kwa siku nyingi, wakibeba chakula chao na kulala katika parokia za njiani. Karoli Lwanga na wenzake waliuawa nchini kwao, na majirani zao ndio waliokuwa wa kwanza kwenda kusali pale. Je, sisi hatuna mahali? Mwezi Agosti 1905, katika vita vya Majimaji, Askofu Cassian Spiss aliuawa pamoja na mabruda wawili na masista wawili kule Mikukuyumbu, upande wa Liwale. Mwezi huohuo misheni ya Nyangao ilishambuliwa na Sista Walburga Diepolder akapoteza maisha. Lukuledi nayo iliteketezwa. Na katika vita vilevile babu zetu walikufa kwa maelfu wakitetea nchi yao, wengi zaidi wakiuawa na njaa iliyofuata. Anayekwenda kusali mahali hapo hana budi kuwaombea wote wawili, mmisionari na mpiganaji, na huenda hiyo ndiyo sala iliyo ngumu kuliko ya Namugongo, ndiyo maana hatujaifanya. Kutoka Chilangala hadi Nyangao ni mwendo wa siku chache kwa miguu, kuteremka nyanda na kufuata bonde. Hakuna wakala atakayeitangaza safari hiyo, kwa kuwa haina kiti.

Katika Jubilei ya mwaka 2025 makanisa makuu ya majimbo na mahali pengine palipoteuliwa na maaskofu palikuwa na rehema ileile waliyoipata mahujaji wa Roma. Nilisikia mtu akisema, kwa huzuni ya kweli, kwamba yeye "hakubahatika kufanya Jubilei" kwa kuwa hakuwa na nauli ya ndege. Nani alimfundisha hivyo?

Hesabu za safari yetu ya tatu, nilivyoweza kuzikusanya, zimebandikwa kwenye mlango wa kanisa la parokia tangu Jumapili iliyopita. Kiti changu kimo, mstari wa pili, pamoja na bei yake. Nimeanza kukilipa kwa mafungu, na fungu la kwanza limekwisha kumfikia mwenye mikorosho. Waliochanga mafuta kule Kagera waje ofisini kila Jumamosi baada ya misa ya asubuhi. Chilangala mtakuwa wa kwanza. Mje na stakabadhi zenu. Asiye nayo aje na mtu aliyeketi naye garini.